Daftari la masharti: uchambuzi wa kisa kimoja cha uraibu wa kubeti

Kitu cha kwanza alichoniwekea mezani bwana mmoja kilikuwa daftari dogo la mfukoni, kona zake zimekunjika. Alilileta kama utetezi. "Dada, mimi ni mtu wa mipango," aliniambia. "Wewe angalia mwenyewe." Nikafungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sharti moja limepigiwa mstari: Jumamosi tu. Kurasa mbili mbele: Jumamosi na Jumatano, mechi kubwa tu. Halafu: Hakuna mkeka (orodha ya mechi unazozibetia kwa pamoja) baada ya saa nne usiku. Halafu: Hakuna mkeka wa hela ya kukopa. Halafu: Ya kukopa sawa, ila siyo ada ya mtoto. Masharti 14 ndani ya miezi 16, na kila jipya limelegea kuliko lililotangulia.

Nikamuuliza lile lililodumu kuliko yote lilidumu muda gani. Akahesabu kwa vidole, akacheka bila furaha.

"Siku tisa."

Kabla sijaendelea, niseme kwamba kisa hiki nimekishona kutoka kwa watu zaidi ya mmoja niliokaa nao katika ushauri. Umri, kazi na mambo ya familia nimevigeuza ili asitambulike mtu.

Nimeanza na daftari kwa makusudi. Mtu akitaka kujua kama tabia fulani imeshageuka uraibu, swali linalomjia upesi ni la kiasi: saa ngapi kwa siku, hela ngapi kwa mwezi. Kiasi kina hila zake. Shemeji wa bwana huyu, kaka wa mkewe, naye anabeti, tena ndiye aliyemfundisha kuweka mkeka. Kila wikiendi anaweka dau dogo lilelile, mkeka ukichanika anamlaani refa, anaweka simu chaji, analala. Ukihesabu saa anazokaa mbele ya mpira, anamzidi mbali shemeji yake. Siku moja alimsindikiza kwangu, nikamuuliza yeye ana masharti gani ya kubeti. Hakunielewa. "Masharti ya nini tena?" Hajawahi kuandika hata moja, kwa sababu hajawahi kuyahitaji.

Hapo ndipo ninapoangalia siku hizi. Mtu anapoanza kujitungia sheria juu ya jambo ambalo wengine wanalifanya bila sheria, kuna sehemu yake ambayo tayari imeshajua. Daftari lile lilijua miezi 16 kabla yangu.

Mhusika ana miaka 36, karani katika kampuni ya usafirishaji, ana mke na watoto wawili. Hakuja mwenyewe. Aliletwa, na aliyemleta alikuwa ameanza kwa kuukosea ugonjwa jina.

Mkewe alinisimulia hivi. Simu ilianza kulazwa kifudifudi. Ikaenda naye chooni. Namba ya siri ikabadilishwa. Saa nane usiku anaona mwanga chini ya shuka, mume anatabasamu peke yake, halafu ghafla uso unamshuka. Akiulizwa jambo anajibu "eeh" kabla swali halijaisha. Weka hayo mbele ya watu kumi, tisa watakwambia ana mwanamke nje. Naye alidhani hivyohivyo. Akavizia, akaipata simu ikiwa wazi, akasoma. Hakukuta mapenzi. Alikuta ujumbe wa kuthibitisha madau, mmoja baada ya mwingine, na vikumbusho vya mikopo ya simu vilivyoanza kwa lugha ya adabu na kuishia kwa vitisho.

"Nilimshukuru Mungu," aliniambia. "Nikasema afadhali ni kubeti."

Afadhali hiyo iliwagharimu karibu mwaka mzima. Alitoa akiba yake, akalipa mikopo miwili yote. Mume akalia, akaapa kwa jina la marehemu mama yake. Zikapita wiki saba za amani, amani ya aina yake, nitaieleza. Wiki ya nane kukawa na mkopo mpya.

Simlaumu mama huyu. Ukimwona mwenzio anazama, unampa mkono. Lakini kumlipia mtu deni huku simu, mshahara na akaunti ya kubeti vimebaki mikononi mwake ni kumsafishia meza acheze upya. Wataalamu wanalijua jambo hili kiasi kwamba kutegemea wengine wakutoe kwenye shimo la fedha lililochimbwa na kamari kumehesabiwa kuwa dalili kamili, sawa na kudanganya.

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ule wa vigezo unaojulikana kama DSM, uliiingiza kamari sugu mwaka 1980. Wakati huo iliwekwa kwenye kundi la kushindwa kuzuia msukumo, pamoja na mtu anayeiba bila haja au anayechoma vitu moto. Toleo la tano la mwaka 2013 liliihamisha na kuiweka sura moja na pombe na dawa za kulevya. Ni tabia pekee iliyopewa nafasi hiyo kama ugonjwa kamili. Michezo ya intaneti ilitajwa nyuma ya kitabu, kwenye mambo yanayosubiri utafiti zaidi. Shirika la Afya Duniani lilisogea mbele kidogo: ICD-11, toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, inatambua uraibu wa kamari na ule wa michezo ya kielektroniki. Kwa yote mawili inauliza mambo matatu. Je, mtu ameshindwa kujitawala katika jambo hilo? Je, limekalia nafasi ya mambo mengine ya maisha? Je, anaendelea nalo ingawa madhara anayaona kwa macho yake?

DSM-5 ina ishara tisa. Nne zikijitokeza ndani ya miezi 12, jina la ugonjwa linafaa. Nane au tisa, hali ni nzito. Siku ya kwanza nilimhesabia nane. Ile ya tisa, kubeti ili kutuliza maumivu ya moyo, aliikataa katakata. "Mimi nabeti nikiwa na furaha zangu." Nikaiacha, nikaweka alama ya kuuliza pembeni.

Kwa msomaji asiye na mwongozo mkononi, kuna njia fupi zaidi. Mwaka 1997 watafiti walichuja maswali mengi wakabaki na mawili tu yanayotenganisha vizuri wacheza kamari walioathirika na wasioathirika. Umewahi kuhisi lazima uongeze dau zaidi na zaidi? Umewahi kumdanganya mtu muhimu kwako kuhusu kiasi unachocheza? Jibu moja la ndiyo linatosha kumfanya mtu achunguzwe zaidi. Naona la pili ndilo lenye makali. Hela inaweza kupotea kwa bahati mbaya. Uongo mtu anautunga.

Sasa zile wiki saba. Aliacha kweli, hilo sina shaka. Lakini mwana wao mdogo aliangusha kijiko akapigiwa kelele mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Mume halali, anazunguka uani usiku, anaifungua simu na kuifunga bila kusoma chochote. Chakula anakisukuma pembeni. Mkewe alidhani hela zilizopotea zinamuuma. Watumiaji wa dawa za kulevya wana neno lao kwa hali ya namna hiyo: arosto. Watu hushangaa nikilitumia kwa mtu ambaye hajameza, hajavuta wala hajajidunga kitu. Hakuna kemikali iliyotoka nje ikaingia mwilini, ni kweli, ila kutotulia na hasira pale mtu anapojaribu kupunguza ni mojawapo ya zile ishara tisa, na kwenye nyumba hii ilikaa mezani na watoto kwa siku 49.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo watu wanapomwona mraibu kama mjinga. Bwana huyu si mjinga. Anafanya hesabu za mizigo kutwa. Aliniletea simu yake akanifungulia albamu ya picha 61, zote za mikeka. Nilidhani ni ile iliyotiki. Ilikuwa ile iliyochanika kwa timu moja. "Unaona, dada? Hapa nilikuwa karibu. Na hapa. Hapa ni dakika ya 93!" Macho yalimwaka. Kila picha kwake ilikuwa ushahidi kwamba anakaribia.

Tulichukua kalamu. Mkeka wa timu kumi, na tuseme kila timu ina nafasi 70 kwa 100 ya kushinda, ambazo ni timu imara kwelikweli. Nafasi ya zote kumi kushinda haifiki 3 kwa 100. Nafasi ya tisa kushinda na moja tu kukuangusha ni kama 12 kwa 100. Kwa hiyo kwa kila mkeka unaotiki utapata minne au zaidi iliyokosa kwa timu moja. "Karibu" haikuwa ishara ya ustadi wake kupanda. Mkeka mrefu unazizalisha karibu hizo kwa hesabu yake wenyewe. Na kuna jingine: kampuni ikijikatia 5 kwa 100 ndani ya odi (kiwango cha malipo) ya kila mechi, ukizidisha mechi kumi, thamani halali inayobaki kwenye dau lako kwa wastani ni kama 60 kwa 100. Aliitazama karatasi muda mrefu. Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau: "Naielewa. Ila mwili haujaielewa."

Alisema kweli kuliko alivyojua. Mwaka 2009 mtafiti Luke Clark na wenzake waliwachezesha watu mchezo wa bahati huku ubongo ukipigwa picha. Kukosa kidogo kuliwakera wachezaji, lakini kuliamsha maeneo yaleyale yanayoamka mtu akishinda, na kuliwapa hamu ya kucheza tena. Zamani zaidi, mwaka 1957, wanasaikolojia Ferster na Skinner walieleza kwa kirefu jinsi njiwa anayelipwa punje baada ya midonoo isiyotabirika idadi yake anavyodonoa bila kuchoka, na anavyochelewa kuacha hata punje zikikatwa. Ukimlipa kila mara, siku ukiacha anagundua mapema. Ukimlipa kwa kubahatisha, atangoja.

Dalili nyingine iliyonigusa haikuhusu hela. Bwana huyu alikuwa anaupenda mpira tangu utoto, anacheza beki kila Jumapili na wenzake. Alipokuja kwangu alikuwa hajavaa viatu vya mpira kwa mwaka. Hakumbuki mara ya mwisho alipoitazama timu yake kwa raha. Akiitazama, anaitakia sare kwa sababu mkeka unataka sare. Usiku alikuwa anafuatilia mechi za vijana kwenye ligi za nchi asizoweza kuzionyesha kwenye ramani, na zikiisha hizo, mechi za kompyuta ambazo hazichezwi na mtu yeyote. Nilipomuuliza jina la mfungaji wa mechi iliyomchania mkeka wa wiki iliyopita, hakulijua. Alijua dakika. Uraibu mara nyingi hula kwanza kile kitu chenyewe ulichokipenda, kisha unabaki kuzunguka ganda lake.

Kazini hakuna aliyegundua. Hakuiba, hakuchelewa. Ila alikataa kupandishwa cheo. Nafasi mpya ilikuwa na zamu za jioni, na jioni ndiyo mechi zinaanza. Mkewe aliambiwa kwamba bosi ana upendeleo. Fursa iliyokataliwa haiachi alama popote, hakuna barua ya onyo wala deni. Ndiyo maana huwa nauliza, "Nini umekikataa mwaka huu?" Watu wamejiandaa kujibu wamepoteza nini, si wamekataa nini.

Kabla ya kubandika jina la uraibu nilikuwa na kazi ya kuondoa mengine. Mtu mwenye kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, asiyelala na anayejiona hashindwi, anaweza kutapanya hela kwenye kamari kwa wiki chache. Huyo ana ugonjwa mwingine na tiba nyingine. Baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson zinazoiga kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo, pramipexole kwa mfano, zinaweza kumgeuza mtu asiyewahi kubeti kuwa mcheza kamari, na dozi ikipunguzwa na daktari hali hurudi. Huyu hakuwa na hayo. Nilimuuliza pia, kwa maneno ya wazi, kama amewahi kufikiria kujiua. Kamari yenye madeni ina uhusiano na jambo hilo, na kuliuliza hakulipandi kichwani mwa mtu. Alinyamaza. Akasema aliwahi kusimama kwenye daraja usiku mmoja baada ya mkopo wa tatu, akarudi nyumbani. Siku hiyohiyo alionana na daktari, na mkewe aliingizwa kwenye mazungumzo kwa ridhaa yake. Deni lilisubiri.

Niseme pia pale ninapotofautiana na wanaokimbilia neno hili. Siku hizi kila anayependa kitu anaitwa mraibu: wa simu, wa kazi, wa kununua nguo, wa tamthilia. Mwaka 2015 mtafiti Joël Billieux na wenzake walihoji kwa haki kama hatugeuzi maisha ya kawaida kuwa ugonjwa. Kijana anayecheza gemu saa tano akiwa likizo, akiitwa kula anakuja, shule ikifunguliwa anaenda, sina la kumwambia. Mama anayejificha ndani ya simu jioni nzima huenda anaikimbia ndoa, na ukimnyang'anya simu ndoa itabaki palepale. Wingi wa jambo peke yake hauniambii kitu. Naangalia kama mtu amejaribu kupunguza akashindwa, ameongopa kulilinda, amepanga siku yake ilizunguke, na ameendelea baada ya kulipia gharama. Mambo hayo yakikutana kwa miezi, neno uraibu lina kazi ya kufanya.

Matibabu nayaeleza kwa kifupi, kwani hayakuwa na maajabu. Mshahara uliingia akaunti ya mkewe kwa makubaliano ya maandishi, na mume akapewa matumizi ya wiki. Akaunti za kubeti alizifunga mwenyewe kwa utaratibu wa kujifungia ambao kampuni nyingi za kubeti wanao, akiwa ameketi mbele yangu. Mkono ulimtetemeka kwenye ile ya tatu. Madeni yalipangiwa ratiba, akalipa yeye, pole pole. Kisha yakaja mazungumzo ya kila wiki juu ya fikra na mazoea: unawaza nini dakika tano kabla, uko wapi, nani yuko karibu.

Daftari nilimwomba abaki nalo, ila asiandike sharti hata moja. Aandike saa hamu ilipomshika na kilichotokea kabla yake. Wiki nne baadaye tulisoma pamoja. Jumanne, saa mbili usiku, baada ya kuongea na baba yake kwa simu. Ijumaa, saa moja, baada ya bosi kumkosoa mbele ya vijana. Jumapili, baada ya kuongea na baba yake. Alhamisi, baba tena. Aligeuza kurasa mara mbili, nikamwona ameona. Nilichukua faili lake nikafuta ile alama ya kuuliza. Zilikuwa tisa.

Mwezi wa sita aliteleza. Jumamosi usiku, baada ya kugombana na mkewe juu ya ada, aliazima simu ya mwenzake wa kazini akaweka mkeka kwa akaunti ya huyo mwenzake. Ulichanika. Asubuhi yake alimwambia mkewe kabla hajaulizwa, na Jumatatu walikuja wote wawili.

"Kiasi gani?" mkewe aliuliza mbele yangu. Alikuwa ameshamuuliza nyumbani, alitaka nisikie.

Akataja.

Mama akachukua simu, akampigia yule mwenzake, akaweka sauti nje. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia bei ya kitu. Yule bwana alisitasita, kisha akataja kiasi. Kilikuwa kilekile.

Akakata simu, akaiweka ndani ya mkoba. "Sawa," alisema. "Haya, Baba Watoto, tuongee ile ada."